Rais wa Cherehani za Veranda

Jumatatu, 2 Desemba 1974

Nimekwisha! Rahab, muuza viazi wa mbele ya veranda yetu, amerudi leo kutoka kwetu Murang'a na salamu za mke wangu. Wamucii anakuja! Anakuja na treni Jumatano ya wiki ijayo, pamoja na baba yake, kumwona mumewe akiongoza mafundi cherehani wa Kisumu kwenye gwaride la Jamhuri. Kwa sababu mumewe ni rais.

Mumewe si rais. Mumewe ni mimi, Zacchaeus Irungu, fundi wa mashati. Wamucii yuko kwao tangu Pasaka, akisema amechoka kuishi na mipango isiyoiva. Mwezi wa nane nikamtuma Rahab ampelekee habari kwamba mmoja umeiva: nimechaguliwa Rais wa Umoja wa Mafundi Cherehani. (Katiba yetu inasema Rais, si mwenyekiti. Mimi nani niipinge katiba?)

Uchaguzi wenyewe ni Jumatano hiyo hiyo asubuhi. Mpinzani ni mmoja: Absalom, fundi wa suruali, jirani yangu wa veranda. Watu wanampenda. Naye anawapenda, na mimi hapo naona hila tupu.

Nikishindwa, Wamucii atarudi na treni ya jioni. Kitanda kimekuwa kikubwa mno tangu aende. Sitashindwa.

Jumanne, 3 Desemba

Uchaguzi wa wabunge wa juzi niliufuata mkutano kwa mkutano. Siri ni mbili tu. Mchafue mwenzako, halafu ipende nchi kwa sauti kubwa. Mengine ni kupoteza muda.

Nimemchukua Wasike, mpiga pasi wetu, awe wakala wangu. Malipo ni chai na mandazi. Asubuhi tukaanza kueneza kwamba Absalom si mtu wa hapa, ametoka Katito. Mteja wa kwanza akaniuliza mimi natoka wapi. Nikamwambia swali hilo halina uzalendo.

Mchana tukabadilisha. Nikatangaza kwamba kitambaa anachoshonea Absalom kinatoka Uganda. Je, taifa life kwa ajili ya suruali? Nilipiga hata meza. Kufika saa tisa, foleni kwa Absalom imefika barabarani! Kumbe kila mtu alikuwa anakitafuta hicho kitambaa, hakipauki upesi. Wasike naye ameagiza suruali. Nilipomkabili, akasema ni kwa ajili ya uchunguzi.

Alhamisi, 5 Desemba

Siku ya uzalendo. Nimeshona bendera kubwa ya taifa, nimeitundika juu ya cherehani yangu. Na mpango mwingine, mtamu zaidi: kila mteja akisimama kupimwa na Absalom, mimi naanza wimbo wa taifa. Lazima wote wasimame wima. Hapimwi mtu!

Mara ya kwanza, safi kabisa. Karani mmoja alitoka nyuma ya pazia mguu mmoja ndani ya suruali, mwingine nje, akasimama hivyo hivyo. Mara ya pili, safi. Mara ya tatu akapita askari. Akasimama, akapiga saluti. Nikatia bidii.

Hapo ndipo mbuzi alipokuja. Sijui ni wa nani. Akapanda veranda, akaenda moja kwa moja kwenye shati jeupe la mwalimu mkuu, kazi yangu ya siku mbili, akaanza na kola. Ngai! Nifanye nini? Askari ananitazama. Mtu hakatizi wimbo wa taifa kwa sababu ya kola. Nikaimba beti zote, mikono imenyooka, machozi yananitoka. Watu walidhani ni mapenzi ya nchi. Mbuzi alimaliza kola, akahamia mfukoni.

Askari akanipa mkono. Kisha akainua macho kwenye bendera. Akauliza kwa upole kwa nini kijani kiko juu na cheusi chini. Akauliza kama nina mpango wa kuipindua nchi. Ni Absalom aliyejibu kwamba bendera haijaisha, nimeitundika kwanza kuona urefu, na kwamba sisi mafundi ndivyo tunavyofanya. Askari akaondoka.

Baadaye Absalom akaniletea kipande cheupe cha kutengenezea kola mpya. Cha Uganda. Nilikipokea. Kampeni ni kampeni, lakini mwalimu mkuu ni mkali sana.

Jumamosi, 7 Desemba

Leo ndiyo siku ya pigo kubwa. Jioni mafundi wote hukusanyika kwenye klabu ya pombe ya busaa, na mzee mmoja hupiga nyatiti. Wajaluo wana mchezo wao hapo, wanauita pakruok. Unampa mzee sarafu, anasimamisha nyuzi, kila mtu ananyamaza, nawe unasema neno juu yako au juu ya mwenzako. Nikawaza: watu wote wamenyamaza, wananisikiliza mimi! Mgombea gani ataiacha nafasi kama hiyo?

Nikatoa sarafu. Nikapaza sauti: Absalom, mshona suruali ya mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi! Na ni kweli, aliishona mwaka jana, ninamjua mwenye nayo.

Nikajua nimemmaliza. Halafu mzee mwingine akaruka juu. Akasema hiyo ndiyo suruali ya mtu wa ziwa, mguu mmoja majini, mmoja nchi kavu! Klabu nzima ikalipuka. Mguu Majini! Mguu Majini! Absalom akainuka akicheza kwa mabega.

Nikatoa sarafu nyingine. Nikasema analala akishona. Wakashangilia: kumbe hata usingizini anashona! Nikatoa ya mwisho. Nikasema mke wake humpigia kelele mpaka Awasi wanasikia. Wakasema huyo ni mtu ambaye habari zake zinafika mbali.

Mwisho Absalom mwenyewe akamlipa mzee wa nyatiti. Akanielekezea kidole. Omera, ndugu yangu Irungu, akasema, fundi asiyetikisika hata mbuzi akimla! Wakanibeba juu juu. Nilikasirika sana. Nilikasirika huku nimebebwa.

Njiani Wasike akanieleza kwamba katika pakruok hakuna matusi, kila kasoro inageuzwa sifa. Miaka sita nimekaa Kisumu! Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema alikuwa anafurahia.

Jumatatu, 9 Desemba

Veranda yote inamwita Mguu Majini. Vijana wawili wamekuja kuagiza suruali ya mguu mmoja mfupi. Wamelipa kabisa!

Nimemwendea Mama Dorca, muuza vifungo, ambaye ndiye msimamizi wa uchaguzi. Nikadai Absalom azuiwe kutumia jina nililolibuni mimi. Mama Dorca akaniambia hajawahi kuona mtu akimfanyia mwenzake kampeni nzuri hivyo, Mungu anibariki.

Nimefagia chumba. Nimenunua kikombe kipya kwa ajili ya Wamucii. Nimekiweka mezani, nimekitazama, nimekirudisha kabatini. Naogopa. Haya, nimesema.

Jumatano, 11 Desemba

Tunapiga kura kwa kujipanga nyuma ya unayemtaka. Foleni ya Absalom ilizunguka kona. Nyuma yangu alikuwa Wasike peke yake. Halafu jua likawaka, na foleni ya Absalom ilikuwa kivulini. Wasike aliniomba msamaha kwa heshima zote, akahama. Rahab akaja kusimama nyuma yangu kwa huruma, akiwa na gunia lake la viazi. Mama Dorca akamtoa, si mwanachama. Gunia likabaki.

Na hapo ndipo nikawaona. Wamucii, kitambaa cha buluu kichwani. Mzee Gichuki, baba yake, kofia mkononi. Wamesimama ng'ambo ya barabara wakinitazama mimi na gunia.

Nilitaka ardhi inimeze. Absalom akaitazama sura yangu, akamtazama yule mwanamke, akaelewa. Akatoka kwenye foleni yake, akavuka barabara, akamshika Mzee Gichuki mkono kwa mikono miwili. Jaduong', mzee wetu, karibu, akasema, huyu mkwe wako ndiye aliyenipa jina, ndiye fundi asiyetikisika hata mbuzi akimla! Foleni nzima ikaitikia. Mzee Gichuki hakuelewa hata kidogo, lakini alivimba kwa fahari.

Absalom alitangazwa Rais. Palepale akaniteua makamu.

Jioni Wamucii alikunywa chai katika kikombe kipya. Nikajikaza, nikamwambia ukweli, kwamba sikuwa rais hata siku moja. Akasema alijua tangu mwezi wa nane, Rahab alimwambia siku ile ile. Nikamuuliza basi amekuja kwa nini. Akasema alitaka kuona nitajitoaje humo. Na alipofika stesheni, Rahab, aliyekwenda kuwapokea kisha akatangulia, alimsimulia habari ya mbuzi, akacheka mpaka akakaa chini juu ya mizigo. Kwao ni watu wazuri, akasema, lakini hakuna anayemchekesha. Alinikumbuka sana. Nami nikamwambia nilimkumbuka mpaka nikagombea urais. Tulicheka mpaka baba yake, aliyelazwa chumba cha jirani, akagonga ukuta.

Anabaki!

Alhamisi, 12 Desemba

Jamhuri! Nimebeba bendera, cheusi juu. Absalom mbele, mimi nyuma yake. Wamucii alinipungia mkono, Mzee Gichuki alipiga makofi kuliko wote. Siku nzuri kuliko zote maishani mwangu.

Lakini nilipokuwa natembea nilikuwa na nafasi ya kuutazama vizuri mgongo wa Absalom. Makamu yuko hatua moja tu kutoka urais. Na mtu ananiokoa kwa askari, ananipa kola, ananipamba mbele ya baba mkwe. Kwa nini? Mtu mwema kiasi hicho ana kitu anachokificha.

Nimeshamwambia Wasike aanze kulieneza hilo kesho asubuhi.