Mapacha wa Malkia

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa! Mke wangu alipotoka tu, nikachukua glovu ndefu ya shemeji, ile inayofika begani, kwenye begi la kazi aliloliacha kwetu. Shemeji, mdogo wa mke wangu, ni daktari wa mifugo, na haipiti siku bila kunikumbusha. Na mimi je? Nimehudhuria semina ya siku mbili. Mstari wa mbele! Nikaingiza mkono nyuma ya Malkia, ng'ombe wetu mwenye mimba pevu, nikapapasa. Kichwa. Nikasogeza mkono. Kichwa kingine! Mapacha! Glovu nimeirudisha kwenye begi lake ikiwa imeoshwa, karibu yote.

Jumanne, 5 Machi

Nimempigia mama mkwe, ambaye ndiye aliyempa mke wangu Malkia tulipooana. Nikamwahidi ndama mmoja, achague mwenyewe. Akachagua wa kulia. Akanisifu! Miaka kumi na moja ya ndoa, sifa ya kwanza.

Mchana jirani yetu, tunayemwita Mluzi, kapita langoni na ndama wake mnene, anapiga mluzi kama kawaida. Sikuvumilia. Nikamwambia nina wawili njiani, na kwa kuwa sina roho ya korosho, wa kushoto ni wake. Mluzi ukakatika hapo hapo. Raha iliyoje!

Jumatano, 6 Machi

Shemeji kaja kunywa chai. Kamtazama Malkia, kasema tumbo lile halimpendezi, angependa kumpima. Nikakataa, mzazi asisumbuliwe, ana mapacha. Akauliza nani kasema. Nikasema mtaalamu. Akauliza yupi. Nikamwongezea chai.

Mke wangu akanivuta pembeni. Maziwa ya watoto yanatoka kwa ng'ombe huyo huyo, akasema. Akifa kwa ujuaji wangu, nisimsemeshe tena. Wanawake na wasiwasi!

Alhamisi, 7 Machi

Malkia kashikwa na uchungu saa moja asubuhi. Chupa ikapasuka. Miguu miwili ikachungulia, basi. Saa tatu, miguu ile ile. Mke wangu akasema tumwite mdogo wake. Nikamwambia mapacha wanapishana mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia wewe. Nikafunga kamba miguuni, nikamwita Mluzi tuvute. Alivuta kwa moyo, si ana wake humo! Malkia akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia, akaanguka chini.

Niliogopa. Niliogopa kweli. Kamba ikanitoka mikononi. Kumbe mke wangu alishapiga simu zamani.

Shemeji akafika, akaitazama kamba, kisha akanitazama mimi. Akanawa, akaingiza mkono, akafumba macho. Akasema vichwa viwili ni kweli, ila shingo zote mbili zinaishia kwenye kifua kimoja. Ndama ni mmoja, kaumbika vibaya, na hapiti pale hata tuvute mpaka kesho; tungemrarua mama yake tu. Akaniuliza, kwa upole unaouma kuliko tusi, kama niliposhika vichwa nilifuata shingo. Nikajibu semina haikufika shingoni.

Tukamwinua Malkia. Sindano ya ganzi, wembe, kisu ubavuni. Mke wangu kamkumbatia kichwa, analia. Mimi pia nililia, nikasingizia harufu ya dawa. Ndama akatoka mfu. Lakini Malkia mzima! Kanywa maji ndoo mbili.

Ijumaa, 8 Machi

Mama mkwe kaja kumwona wa kulia. Mluzi kaja kumchukua wa kushoto. Nikawapeleka wote kwenye kaburi moja. Mama mkwe kaniita "wewe". Sifa imefutwa.

Mke wangu kaniapisha mbele ya mdogo wake: sitaingiza tena mkono ndani ya mnyama yeyote. Nimeapa kwa moyo wote, machozi yakinilengalenga.

Jumapili, 10 Machi

Mluzi hayupo, kaenda kwa wakwe zake. Ng'ombe wake wa pili, mwenye mimba, kafungwa pale pale kwenye ua unaotutenganisha, na tumbo lile! Nikafikiri sana kuhusu kiapo. Mkono niliouinua kuapa ulikuwa wa kulia. Nimetumia wa kushoto.

Safari hii sikukurupuka. Nilishika kichwa, nikafuata shingo taratibu mpaka kifuani, kama alivyosema shemeji. Kichwa kimoja, shingo moja. Safi kabisa. Kisha nikahesabu miguu. Mitano!

Nimempigia mama mkwe. Nimemwambia achague mapema, wa kulia au wa kushoto, kabla Mluzi hajarudi.