Gari Lililokata Roho kwenye Elfu Tano

Jumatatu, 8 Juni 1998
Nimeamua. Jumamosi nitampeleka Verediana kanisani Ujiji, kwenye harusi yake, mimi mwenyewe. Ni binti wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea tangu akiwa na miaka minne. Mjomba wake Anatoli ametangaza kwamba atampeleka yeye, kwa pikapu yake ya dagaa. Dagaa! Mimi ninalo gari la michezo, jekundu, lenye turbo na injini ya rota isiyo na pistoni hata moja. Ndayiragije, mfanyabiashara aliyekimbia vita Burundi, aliniomba nilitunze. Hakukataza kuliendesha.
Nimelijaribu hapa Katubuka. Mshale ulipofika mizunguko elfu tano, injini ikakata kana kwamba nimezima ufunguo. Nikiachia, inawaka tena. Aibu mbele ya wauza nyanya.

Jumanne, 9 Juni
Nilifundisha fizikia miaka thelathini, sihitaji fundi. Uchunguzi wangu: plagi. Nimebadilisha zote nne na kujikata kidole. Elfu tano, kimya.

Jumatano, 10 Juni
Mke wangu, Skolastika, amemleta fundi Irambona, mkimbizi mwenye kibali cha kutoka kambini. Alitengeneza magari kama haya Bujumbura. Akauliza petroli naitoa wapi. Nikamjibu kwamba swali hilo halihusiani na umeme, na kosa limo kwenye koili. Nikamchorea mchoro mavumbini.
"Ego, Muzehe, mchoro ni mzuri," akasema, akianza na ndiyo ya Kirundi. "Sasa nifungue chujio?"
Nimemkatalia.

Alhamisi, 11 Juni
Koili ni nzima. Nimemwita Irambona, akafungua chujio la petroli. Jekundu! Limejaa nyuzi za chikichi. Kumbe akiba yangu ya petroli naiweka katika madumu yaliyokuwa ya mawese. Niliyasuuza mwenyewe, kwa maji ya moto, kwa fahari.
Irambona akanieleza taratibu, kama nilivyozoea kuwaeleza wanafunzi wazito. Gari likienda polepole hunywa kidogo, na chujio linapitisha. Likikazwa, turbo inasukuma hewa nyingi, injini inadai petroli nyingi, nayo haifiki. Akasafisha chujio, akamwaga tangi, akatia chupa mbili za petroli safi. Mshale ukapita elfu sita! Nilipiga kelele kama mtoto.

Ijumaa, 12 Juni
Kwenye kituo cha mafuta hakuna petroli mpaka treni ifike. Limebaki dumu langu la pili. La mawese pia. Nimeichuja petroli yake kwa kanga ya Skolastika, bila ruhusa. Irambona akashika kichwa. "Oya, Muzehe!" akasema, yaani hapana. Kisha akaniapisha nisivuke elfu tatu, ndipo tutafika salama. Nimeapa. Ni jambo rahisi mno kwa mtu mwenye nidhamu.

Jumamosi, 13 Juni
Tulikwenda vizuri hadi Kasingirima. Verediana alitabasamu, akasema, "Baba mkubwa, hivi hivi. Usikimbie." Ndipo pikapu ya Anatoli ikatupita, honi juu, mwenyewe ametoa kichwa dirishani akiuliza kama gari langu limenyimwa chai. Mguu wangu ulijibu kabla ya kichwa. Elfu tatu. Elfu nne. Elfu tano. Kimya. Safari hii halikuwaka tena.
Verediana alinitazama, akakusanya shela yake, akapanda pikapu ya Anatoli, iliyokuwa imerudi kumchukua. Nilifika kwa miguu, bibi na bwana harusi wakiwa wameshaulizwa na wameshajibu. Aliyemshika mkono kumwingiza kanisani ni Anatoli.

Jumapili, 14 Juni
Irambona amesafisha chujio tena, gari linawaka. Skolastika amesema kosa ni mguu wangu. Nimelitafakari kwa makini na kugundua kwamba kosa ni honi ya Anatoli. Verediana amenisalimu nje ya kanisa. Hana kinyongo. Nilipomwambia nitamrudisha nyumbani kwa gari, akasema asante, anapenda kutembea.
Baada ya misa, Padre aliuliza ni nani atakayempokea Askofu stesheni mwezi ujao, anapokuja kutoa kipaimara. Anatoli akaanza kusimama.
Nilisimama kabla yake.