Ng'oeni Bango, Mtuachie Pampu

Chama cha Akina Mama Waliookoka,
Kwanza, Trans-Nzoia.

Kwa Meneja wa Miradi ya Jamii,
Kampuni ya Bia ya Mlima Baridi,
Bungoma.

Mpendwa Bi. Lorraine,

MINTARAFU: BANGO LENU LA KUNYWA KWA KIASI LINAVYOTUNYIMA MAJI

Nakusalimu kwa jina la Bwana, kwa niaba ya akina mama wote wa hapa. Mimi ni Bilha, mke wa Mbugua, mwenyekiti wa chama, yule aliyekuzuia kuingia jikoni siku mlipokuja kuzindua pampu. Natumaini ulishanisamehe. Kulikuwa na moshi mwingi.

Nitangulize shukrani, maana asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hakimtoshi. Mlipotuchimbia kisima, mkaweka pampu na lile tangi la buluu lenye picha ya chupa, nililia mbele ya watu na sikuona haya. Tangu niolewe nimeteka maji mtoni, pale ambapo ng'ombe wa jirani yetu Wamalwa huingia kabla yetu na kufanya mambo yao. Ukinishika utosini utakuta kibonde cha kamba ya mtungi. Sasa nafungua mfereji, maji yanakuja. Hiyo si bia, dada yangu, hiyo ni baraka.

Halafu ikaja barua yenu. Mnasema pampu huendeshwa kwa sehemu ya pesa za bia inayouzwa hapa hapa kwetu, na tangu iwekwe, bia hainunuliwi. Mnasema mahindi yakivunwa kabla mauzo hayajapanda, mtaing'oa muipeleke Endebess, ambako jamii "inashiriki". Tuliisoma mara mbili, tukaomba, tukalia kidogo. Sasa tunalalamika, kwa heshima.

1. Bango. Ni nani aliyewaomba mweke pale njia panda, karibu na baa, lile bango la "Kunywa kwa kiasi, jali familia yako"? Wanaume wa huku hawamsikii mke wala chifu, lakini kitu kilichoandikwa kwenye bati wanakiogopa sana. Wamesoma, wametii. Leo mnatulaumu kwa utiifu wao! Mtu hamkatazi mtoto kula halafu akamchapa kwa kukonda.

2. Semina. Mlituletea daktari kutoka Kitale na picha ya ini la mlevi, kubwa kama mlango. Siku hiyo nilikuwa nimekaanga maini. Mbugua aliitazama sahani, akanitazama mimi, akaenda kulala na njaa. Wakati mwingine daktari alete picha ya goti.

3. Khisa. Hili ndilo linaloniuma. Khisa alikuwa nguzo ya ile baa. Peke yake alikuwa anaweza kutupandishia maji mpaka saa sita mchana. Basi tukafanya mkutano wa injili, Pasta Kimutai akahubiri kama mtu aliyetumwa, na Khisa akaja mbele akibubujikwa machozi, akaokoka. Tulicheza, tukapiga vigelegele. Hakuna aliyetuambia kwamba tumemwokoa mtu aliyekuwa akitulipia maji. Sasa ndiye anayepokea watu mlangoni mwa kanisa, ana tai. Nimemuuliza pasta kama mtu anaweza kuokoka nusu, tuseme kuanzia Jumapili hadi Jumatano. Alikataa mara moja. Kisha akakumbuka kwamba na yeye huoga maji ya tangi hilo, akaomba apewe muda wa kufunga na kuomba.

4. Kamati. Usidhani tulikaa tukikunja mikono. Kwetu tatizo likizuka tunaunda kamati, na kamati ikikutana inapanga zamu. Tuna zamu ya kufagia kanisa, zamu ya maua, zamu ya kutembelea wagonjwa. Kwa hivyo tukapanga zamu ya waume kwenda baa. Tulifungua kwa maombi. Kila mke anamsindikiza wake hadi mlangoni, anamwombea, kisha anangoja nje akifuma sweta mpaka amalize.

Mbugua alitangulia kwa sababu mimi ndiye mwenyekiti. Aliingia akinitazama kama mtu anayepelekwa rumande. Alitoka na chupa moja tu tumboni, akasema ni baridi, ni chungu, na imemjaza gesi. Muchiri, wa zamu ya pili, alikunywa soda akatudanganya. Tulimjua kwa harufu. Baadaye waume wakaenda kwa chifu kushtaki kwamba wananyanyaswa. Chifu alicheka mpaka akatafuta kiti. Akasema ameamua kesi nyingi za baa, lakini ya mwanaume kusukumwa ndani na mkewe hiyo ndiyo ya kwanza. Kamati ikavunjika.

5. Ile chupa kwenye tangi inaangalia madhabahu na ni kubwa kuliko msalaba wetu. Hili si lalamiko, nasema tu.

Kwa hayo yote, tunawasihi mng'oe bango, au basi mlipake rangi muandike "Kunywa kwa bidii, jali maji ya mkeo." Daktari na ini lake waende Endebess, kama huko ndiko kuna watu wa kushiriki. Mkikataa, tuko tayari kununua bia sisi wenyewe na kuyamwagia mahindi, labda yatachelewa kukomaa. Na hilo nalo likikosa kutosha, tutainywa sisi akina mama, kwa zamu, tumefumba macho, na Mungu ambaye anajua mto ule ulivyo atatuelewa.

Bi. Lorraine, wewe pia ni mwanamke. Naogopa. Mwanangu anaoa mwezi wa Desemba, na sitaki mkaza mwanangu afike kwangu apewe kamba ya mtungi afuate nyuma ya ng'ombe wa mtu. Bango ni lenu, mna mengine. Pampu tunayo hii moja.

Nisalimie wote hapo ofisini, na yule dereva wenu aliyekwama kwenye matope, mwambie shati lake tulilifua likatakata, maji yalikuwepo. Gladwell binti yangu anakusalimu, pasta anakusalimu, na Mbugua anakusalimu kutoka mbali kidogo.

Wako katika Bwana na katika maji,

Bilha Mbugua,
Mwenyekiti.

N.B. Mkija kukagua, tafadhali msije Ijumaa. Siku hiyo tangi huwa tupu, kwa maana ndiyo siku tunayochanganya uji wa wanaume kule jikoni. Ni ule ambao mama yake Wamalwa alinifundisha: unga wa mahindi unauchachusha, unaukaanga juu ya bati, unatia kimea cha wimbi na maji mengi, unaacha uumuke. Wengine huuita busaa, eti ni pombe, lakini sisi ni watu wa kanisa. Kwa maji ya mto ulikuwa unaharibika, ng'ombe wale. Kwa maji yenu unapanda povu mpaka unasukuma kifuniko, na watu wanatoka hadi Endebess na mitungi yao. Viti vipya vya kanisa vimetoka humo. Wanaume wanakunywa mchana kutwa, wanarudi nyumbani wakiimba tenzi. Hata Khisa huja, akishavua tai. Juzi nilimsihi atusaidie, anunue japo chupa yenu moja kwa ajili ya pampu. Alipangusa povu mdomoni akaniambia, "Mama Gladwell, maji ya kampuni yakiwa matamu hivi, chupa yao nitainunua ya nini?"