Samaki Wana Njaa kwa Sababu ya Folda

Kwa Khru Wilawan, mwalimu mlezi wetu wa Klabu ya Roboti,

Samahani kwa kukusumbua wakati wa mitihani. Nakuandikia kuhusu mashine yetu ya kulisha samaki, na kuhusu Phi Thanwa, kaka yetu wa kidato cha sita, ambaye amegundua folda.

1. Zamani mafaili yetu yote ya programu yalikaa pamoja kwa amani, kama wali, mchuzi na yai katika sahani moja. Ijumaa Phi Thanwa aliyagawa kwa umri wetu. Faili langu la mota ya kumwaga chakula sasa limo ndani ya folda “wadogo”, ndani ya “wengine”, ndani ya “baadaye”. Nilipouliza, alisema, “Nong Ploypailin, wewe ni mdogo wangu, na mdogo anakaa nyuma. Ndiyo adabu.” Nikamwambia kwamba kwenye picha ya shule wafupi hukaa mbele. “Basi subiri picha,” akanijibu.

2. Kompyuta inapoandaa programu ya chipu yetu, hutafuta mafaili kwenye folda kuu na ndani ya folda iitwayo src tu. Folda nyingine haizisalimii hata kidogo. Ilipolalamika kwamba haioni mota, Phi Thanwa aliufuta mstari unaoiita mota, na malalamiko yakaisha. Mashine iliwasha taa, ikapiga wimbo, haikumwaga hata punje. Samaki walikuja juu midomo wazi, wakatutazama.

3. Mstari ule ndio uliokuwa kazi yangu yote. Kwa kuwa sina kazi, jina langu limeondolewa kwenye safari ya mashindano ya mjini Phitsanulok. Mama ameshawaambia wauza mboga wote sokoni kwamba nakwenda.

4. Naomba folda zipigwe marufuku shuleni, pamoja na rafu za maktaba, na droo ya kantini inayotenganisha vijiko na uma bila sababu ya msingi.

Nisalimie Mkuu wa Shule na walimu wote. Samaki nao wanakusalimu. Kwa sasa nawalisha kwa mkono.

Mwanafunzi wako mtiifu,
Ploypailin, kidato cha pili

N.B. Barua hii ilikuwa ikufikie Jumatatu, lakini niliihifadhi pamoja na mafaili yangu yote mahali pamoja, ikapotea. Phi Thanwa alinisaidia kuitafuta, akaipata, akaisoma hadi namba tatu. Kisha akafungua folda ndani ya src, akaiita “mota”, akaweka faili langu humo, akaurudisha mstari. Samaki wamekula. Akasema, “Nong, nenda kamwombe Khru nafasi yako garini. Mwambie nimekutuma.” Tafadhali puuza namba nne. Garini nitakaa nyuma kabisa.