Mboga za Kigiriki kwa Shemeji

Leo nimejivunjia heshima kwa mikono yangu mwenyewe, mbele ya shemeji yangu na beberu wake.

Nawaandikia nyinyi mliosoma nami sekondari kabla hamjaisikia kwa watu wa malori. Itawafikia tu. Garissa habari haihitaji stempu. Afadhali muipate kwangu ikiwa bado na ukubwa wake wa kawaida.

Kwanza mjue hali ya nyumba yangu. Habiba, mke wangu, aliondoka mwezi uliopita akaenda kukaa kwa binti yetu, mtaa wa pili. Kosa ni langu, simsukumii mtu. Nilipokuwa mkalimani wa zahanati kule kambi ya wakimbizi ya Ifo nilijifunza kula majani. Ndiyo, majani! Kulikuwa na nesi Mgiriki, jina lake Eleni. Kila Jumapili alichemsha spinachi, mchicha, chochote cha kijani alichopata, akakamua maji, akamwagia mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na ndimu. "Kwetu," alikuwa akisema, "hii hukaa pembeni ya nyama, kama rafiki." Nilionja kwa adabu. Halafu nikaongeza. Halafu nikawa nasubiri Jumapili kama mtoto anavyosubiri Idi.

Mkataba ulipokwisha nikarudi nyumbani na kiburi. Ijumaa moja, mbele ya wageni, nikamwambia Habiba: "Mama, kila siku wali na nyama, nyama na wali. Hujui wenzetu duniani wana mboga?" (Kuna maneno ambayo mtu huyatoa akijiona msomi, kumbe anajichimbia shimo.) Habiba alimaliza kupakua, akajitanda shuka lake, akatoka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikila mkate wa anjera na chai hotelini, nikiangaliwa na wahudumu kwa huruma.

Leo ndugu yake mkubwa, Mzee Bulle, alikuwa anakuja kutoka Sangailu kusikiliza kesi. Kwa desturi yetu ndugu wa mke ndiye mwenye neno. Akiridhika, mke anarudi. Asiporidhika, anamchukua dada yake kwao, na mimi nazeeka na sufuria tupu. Mume mwenye kosa humlisha vizuri huyo anayekuja kusuluhisha. Mtu mwenye akili angetafuta mbuzi mnono na mpishi wa harusi.

Mimi nikaamua kupika mwenyewe. Nyama, ndiyo, lakini na mboga za Eleni pembeni. Nilitaka waonje, waone kwamba siku ile sikuwa natukana, nilikuwa naelimisha. (Hapo ndipo ilifaa mtu anishauri. Lakini mshauri wangu ni mke wangu, na hakuwepo.)

Asubuhi nikaenda sokoni kwa Mama Mwende, yule Mkamba anayeuza mboga za mashamba ya mtoni.

"Habari, mzee. Kwani nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Nipe spinachi. Mafungu yote hayo."

"Yote? Daktari amekukataza nyama? Pole, mzee wangu. Ni sukari ama ni presha?"

"Ni wageni."

Akaacha kufunga. "Wageni Wasomali?"

"Wasomali."

"Haya," akasema polepole, akaniongezea fungu moja bure, kama mtu anayetoa sadaka.

Kutoka hapo nikaenda duka la dawa. Mnajua mafuta ya zeituni hapa mjini hayakai na vyakula. Yanakaa na dawa, kwenye vichupa vya urefu wa kidole. Muuzaji akaniuliza:

"Ya sikio ama ya goti?"

"Yote si zeituni?"

"Zeituni ni zeituni, mzee. Lakini hii ya goti ime..."

"Basi nipe zote ulizonazo. Zote!"

Akanitazama miguu. "Ni goti moja tu?"

Nililipa nikatoka kwa haraka ya mtu mkubwa mwenye shughuli. (Laiti ningemwacha amalize ile sentensi yake, leo ningekuwa nawaandikia habari za mvua.)

Sasa kuna jambo jingine. Ule upepo wa vumbi wa wiki hii umenipa mafua. Matundu yote mawili ya pua yameziba kama milango ya duka wakati wa swala. Ungeniwekea ubani na samaki mkavu sahani moja nisingejua kipi ni kipi.

Nikabandika nyama. Nilimnunua mbuzi kwa mtu aliyeniapia kwamba ni kijana. Baada ya kuichemsha nyama asubuhi nzima niligundua kwamba mimi na yule mbuzi tulikuwa rika moja. Mboga, kwa upande wake, ziliiva kabla sijageuka. Ule mlima wa spinachi ukawa kichuguu! Nikakamua maji kama nilivyomwona Eleni akifanya, nikatandaza kwenye sinia, nikamwaga vile vichupa vyote, nikatia kitunguu saumu, nikakamulia ndimu. Zikang'aa! Nikaonja. Harufu sikusikia, ladha sikusikia, lakini ubaridi fulani ulinipanda kutoka kooni mpaka masikioni, machozi yakanitoka.

Nikajisemea: naam, hii ndiyo bahari ya kina Eleni.

Mzee Bulle akafika mapema. Alikuwa amepitia soko la mifugo akanunua beberu wa mbegu, mnyama mzuri, ndevu kama za kadhi, anayempeleka kwenye kundi lake. Akamfunga kwenye mwarobaini wangu uani, akakaa mkekani chini ya kivuli. Nyuma yake akaingia Habiba. Akapita bila kunitazama, akaenda kuketi ndani nyuma ya pazia. Lakini nilimwona akitupa jicho jikoni.

Tukasalimiana, tukaulizana mvua, ngamia, barabara. Tukaswali adhuhuri. Nikachungulia sufuria. Nyama ilikuwa bado kama soli ya viatu vya tairi. Tukaongea mvua mara ya pili. Mzee Bulle akaanza kutazama jikoni, halafu akanitazama mimi, halafu akaacha kuongea. Shemeji mwenye njaa aliyenyamaza ni jambo la kutisha. Nikaingiwa na hofu, nikatoa nilichokuwa nacho tayari. Yule rafiki wa pembeni akatangulia peke yake, mwenyewe nyama hayupo.

Nikaweka sinia mbele yake. Majani matupu. Yamepoa.

Mzee Bulle akayatazama, akamgeukia beberu wake. Halafu uso wake ukafunguka. Akasimama, akanishika mabega.

"Seddi!" (Ndivyo tunavyoitana mashemeji.) "Wallahi nilikuja hapa na maneno makali. Lakini mtu anayemlisha mnyama wa mgeni kabla ya mgeni mwenyewe, huyo ni mtu wa asili! Babu zetu ndivyo walivyofanya. Siku hizi nani anakumbuka?"

Nikanyoosha mkono kuelekea sinia.

"Na umemchambulia!" akaendelea, akiinua sinia. "Umeondoa hata vijiti! Habiba, unasikia? Mumeo amemwandalia beberu wangu kwenye sinia!"

Nyuma ya pazia mtu akakohoa. Nakijua kile kikohozi. Ni cha mwanamke aliyeelewa kila kitu.

Hapo ndipo ningesema kweli. Ilikuwa rahisi: shemeji, hiyo ni yako. Lakini nilikuwa nimeshasifiwa, na mzee asiyesifiwa mwezi mzima ni dhaifu sana.

"Ni wajibu wangu, seddi," nikasema. (Mungu anisamehe.)

Akaliweka sinia mbele ya beberu. Na mjue kwamba beberu huyu, wakati sisi tunaongea mvua, alikuwa ameshakula katoni, kipande cha gunia na pindo la mkeka wangu. Akainamisha kichwa. Akanusa. Akainua kichwa akanitazama mimi, si bwana wake, mimi! Akakunja mdomo wa juu, akapiga chafya mfululizo, akarudi nyuma mpaka kamba ikakaza, akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa kiumbe cha miguu minne.

"Waryaa! Amepatwa na nini?" Mzee Bulle akachota majani kiganjani, akayapeleka puani. Rangi ikamtoka.

"Kafuri!" akapiga kelele mtaa mzima ukasikia. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun! Hii ni harufu ya kuoshea maiti! Seddi, unataka kuniulia beberu?"

"Hapana! Wallahi si kwa ajili ya beberu!"

"Ni kwa ajili ya nani?"

Jamaa zangu, kuna maswali ambayo jibu lake jema halijaumbwa.

"Ni... yako."

"Yangu."

"Yako na Habiba. Ni mboga. Hukaa pembeni ya nyama. Wagiriki..."

"Umeniletea majani," akasema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. "Mimi. Majani. Na kafuri. Seddi, nimekuja kusuluhisha ndoa, wewe umenitayarishia mazishi?"

Pazia likafunguka. Habiba akatoka, akainama juu ya sinia, akanusa mara moja.

"Kaka, tulia. Hii ni ile dawa ya goti ya dukani. Wanaichanganya na kafuri. Binti yangu Halima huninunulia." Kisha akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha tangu Ijumaa ile. "Umewapikia watu dawa ya goti?"

"Niliambiwa zeituni ni zeituni."

"Hukunusa?"

"Nina mafua."

"Hukuonja?"

"Nilionja."

"Ukasikiaje?"

"Baridi," nikasema. "Nikadhani ndiyo Ulaya."

Habiba akakaa chini pale pale mchangani, akajifunika uso kwa shuka, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Hakikuwa kilio. Mzee Bulle akajaribu kushikilia ukali wake, lakini ndevu zilimsaliti, zikaanza kucheza, naye akaachia. Wakacheka wote wawili, ndugu na dada, mpaka wakashikana mikono. Mimi nimesimama, mafuta ya goti yananitiririka viwikoni.

Kisha Mzee Bulle akajifuta macho, akawa hakimu tena. "Dada, mimi nilikuja kuuliza neno moja. Unataka kurudi kwa mtu huyu?"

Hata beberu aliinua masikio.

"Lile kosa lake bado hajalisema," Habiba akajibu.

Ni kweli. Nilikuwa nimepika, nimetuma watu wazima wawili kumbembeleza, na kumtumia salamu kwa binti yetu. Kulisema sikulisema. Nikalisema: "Nilikuaibisha mbele ya wageni. Chakula chako hakikuwa na kasoro. Kasoro nilikuwa nayo mimi."

Akasimama, akajikung'uta mchanga.

"Nitarudi," akamwambia ndugu yake. "Na si kwa maneno hayo peke yake. Huyu akiachwa na jiko ataua mtu."

"Rudi, dada," akasema Mzee Bulle kwa upole. "Utapata thawabu."

Habiba akaingia jikoni. Nikasikia akifunua sufuria, akaguna, akaongeza maji na kuni. Mimi nikaanza kupumua.

Ndipo mlango wa ua ukagongwa. Majirani! Wamejaa, nyuso zimeinama, mmoja ana jembe, wawili wana sepetu, na mzee wa msikitini yuko mbele yao.

"Tumesikia inna lillahi," akasema. "Poleni sana. Nani ameondoka? Vijana wako tayari kuchimba."

Mzee Bulle, ambaye kwa huruma ni maskini, akaninyooshea kidole. "Mfiwa ni huyu."

Wakaanza kunishika mkono mmoja mmoja. "Pole, mzee. Umefiwa na nani?"

"Na heshima yangu," nikawaambia. "Imeshaoshwa, na kafuri imeshatiwa. Rudini nyumbani."

Basi msicheke, jamaa zangu. Ngojeni angalau arobaini yake ipite.