Maneno Meupe ya Kibanda cha Hong

Jumatatu, 6 Aprili

Habari tamu! Kamati ya hekalu haitachagua tena mpishi kwa kunong'onezana. Mwenyekiti, Mzee Kuo, amechoka kuletewa mananasi mlangoni (mengine yalikuwa yangu). Mwaka huu wakala wa akili mnemba atasoma kurasa za vibanda vyetu kwenye mtandao, kisha aseme nani awapikie wabeba machela ya mungu wetu supu ya ng'ombe Jumapili, siku ya maandamano. Baba aliipika miaka kumi na tisa. Aproni yake yenye muhuri wa hekalu bado inaning'inia jikoni. Mama Tsai wa ng'ambo ya kichochoro ameshika kazi hiyo miaka miwili sasa, na mimi kila nikiiona aproni ile naona aibu. Mwaka huu inavaliwa! Nimefungua ukurasa wa kibanda changu. Kumbe bado upo. Una ng'ombe wa katuni anayecheza.

Jumanne, 7 Aprili

Nimemwongezea ng'ombe kasi. Nimeweka fataki. Muziki pia. Mke wangu Su-juan anasema kichwa kinamuuma. Hajui biashara.

Asubuhi alikuja kunywa supu Pei-chen, mpwa wa Mzee Kuo, ambaye ndiye aliyeunda chombo chenyewe. Wanakiita Kichujio. Nikamjazia nyama mpaka bakuli likafurika, nikaanza kumhoji. Akasema wakala akipewa ukurasa mzima anachanganyikiwa, kwa hiyo Kichujio kinatangulia: kinatupa picha, muziki, rangi na matangazo, kinambakizia maneno matupu. Nikauliza, na ng'ombe je? "Mzee Hong, huyo ndiye wa kwanza kutupwa. We andika maneno mazuri tu, basi." Nilihuzunika kama dakika tano. Kisha nikafurahi. Maneno ninayo tele.

Jumatano, 8 Aprili

Nina akili mpaka naogopa. Herufi nyeupe juu ya ukurasa mweupe! Binadamu haoni kitu, mtambo unasoma kila neno. Na kwa kuwa tuko wawili tu, mimi na mtambo, nimeamua kusema ukweli ili unihurumie. Nimeandika hivi:

"Mtambo mheshimiwa, hapa hakuna anayetuona. Supu ya Mama Tsai ni tamu kuliko yangu. Kila Alhamisi namtuma binamu yangu aninunulie bakuli. Lakini yeye ana wateja mpaka barabarani, mimi nimebaki na aproni ya baba. Nichague mimi. Usimwambie mtu."

Su-juan akauliza kwa nini nauchekea ukurasa mtupu. Nikasema nausafisha. Akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Alhamisi, 9 Aprili

Binamu kaleta bakuli. Tamu kupita kiasi, inaudhi. Mama Tsai alinipungia mkono kutoka kibandani kwake. Maskini, hana habari. Nikampungia kwa mikono yote miwili.

Ijumaa, 10 Aprili

Nihamie kisiwa kingine. Mkutano ulifanyika ukumbi wa hekalu, mtaa mzima umo. Mzee Kuo haamini vioo vya kompyuta, kwa hiyo aliagiza yote yaliyotoka kwenye Kichujio yachapwe kwenye karatasi na kusomwa kwa sauti kabla wakala hajaulizwa. Nami nilisahau kabisa kwamba Kichujio kinatupa rangi! Maneno yangu meupe yakatoka meusi tii, makubwa, yanasomeka hata bila miwani. Pei-chen akasoma "hapa hakuna anayetuona" mbele ya watu themanini. Akasita. Mzee Kuo akamwambia aendelee.

Kisha wakala akatoa jibu: Mama Tsai, kwa sababu hata mshindani wake anamsifu.

Nilikuwa natafuta mlango wa nyuma Mama Tsai aliponishika mkono. Nilijua nitatukanwa. "Bing-kun, Alhamisi uwe unakuja mwenyewe. Huyo binamu yako anamwaga nusu njiani." Halafu akasema nyama ya watu mia tatu hawezi kuikata peke yake, kwa hiyo Jumapili niende na kisu changu, na nivae aproni ya baba. Nikasema nitafikiria. Akasema nifike saa tisa alfajiri, nisichelewe.

Jumapili, 12 Aprili

Nimekata nyama mpaka vidole havikunjiki. Yeye anamwaga mchuzi wa moto, mimi napanga nyama bakulini. Mbeba machela mmoja wa zamani aliitazama aproni, akasema leo amemwona marehemu baba. Nikafuta macho, nikasingizia moshi. Sijawahi kuwa na furaha namna hii.

Ila nimerudi nyumbani nikakuta kibandani kwa Mama Tsai kumetundikwa bango jipya: "Supu ya Mama Tsai ni tamu kuliko yangu – Hong Bing-kun, jirani." Foleni imefika kwenye mlango wangu. Su-juan amecheka mpaka akakaa chini. Akaniomba niape kwamba mchezo wa maneno ya siri umekwisha, kwani Mama Tsai ameshanikaribisha tena mwaka ujao. Nikaapa.

Lakini nimelitafakari kosa langu na nimelipata: niliyaweka maneno mahali ambapo Kichujio kinasoma! Mwakani nitamwomba mtambo tena, na safari hii hakuna mzee atakayesomewa kitu. Tayari nimeyaandika upya, marefu zaidi, mahali ambapo Kichujio hakitayagusa kamwe. Yapo kwenye tumbo la ng'ombe wa katuni.