Punda wa Kale Alivyoniumbua Kahama

Jamani, aibu niliyoipata leo, acha niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine.

Mnajua nasomea shahada ya uzamili huku nafundisha. Natafuta majina ya kale ya wanyama katika lugha za Kisemiti, yaani ukoo wa Kiarabu na Kiebrania. Unapanga maneno ya leo sambamba, unakisia babu yao alitamkwaje. (Mke wangu aliniuliza yanauzwa wapi.) Leo nilikuwa nawasilisha kwa maprofesa kwa video. Mara ya kwanza nilifeli. Nikifeli tena, chuo kinanifuta.

Nikaanza kwa mbwembwe. "Waheshimiwa, nimegundua kanuni mpya!"

Nikawaonyesha jedwali. Punda: Kiebrania hamor, Kiarabu himal. Chui: namer, namil. Nge: akrav, aklab. Kila penye R kwa Waebrania, Waarabu wana L! (Nilishaanza kuipa kanuni hiyo jina langu.)

Profesa mmoja, mama anayekijua Kiarabu vizuri, akavua miwani.

"Mwalimu, maneno ya Kiarabu uliyatoa wapi?"

"Kwenye kamusi. Ya Kiebrania nilinakili mwenyewe, ila ya Kiarabu nilisoma kwa sauti, dada wa duka la kuchapa kazi akaandika."

"Hebu sema punda kwa Kiarabu."

"Himali."

"Rudia taratibu."

"Hi-ma-li."

"Na huyo dada ni mwenyeji wa wapi?"

"Ni Msukuma mwenzangu, Plofesa."

Weee! Wakaangua kicheko wote. Mmoja alizima kamera, lakini sauti akaisahau. Hapo ndipo na mimi nikajisikia mwenyewe.

"Mwalimu," akasema mama wa watu akijifuta machozi, "Kiarabu ni himar, namir, aqrab. R zote zipo. Hizo L ni za Usukumani!"

Nilitamani ardhi inimeze. (Mkoa mzima umejaa mashimo ya dhahabu, nikakosa hata moja la karibu.) Nikajua basi, nimefutwa.

"Futa hiyo kanuni," akaendelea yule mama, "rekebisha safu ya Kiarabu. Kazi iliyobaki ni nzuri sana. Umefaulu."

Nilikaa pale nikicheka na kulia kwa pamoja, moyo mwepesi kabisa, hata sikukumbuka kuwaaga.

Nikampigia mama yangu kijijini. "Mama, nimefaulu!"

"Hongela sana, mwanangu!"

Sikumsahihisha. Nianzie wapi?